Mpangilio wa Vitufe vya Kompyuta na Uandishi wa Kiswahili

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara kwa barabara hupita Kidatu, penye mashamba ya miwa, kisha huambaa na milima ya Udzungwa, iliyo upande wake wa kulia, hadi afike Mang'ula. Hapo ndipo palipo na makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Jina la mahali hapa halimpi taabu mwenyeji yeyote wa bonde la Kilombero anapolitamka. Taabu huanza linapoandikwa kwa kompyuta.

Tuseme makarani wanne wamepewa kazi ya kuingiza jina hilo katika orodha moja. Wa kwanza anaandika ritifaa iliyonyooka. Wa pili anabonyeza kitufe kile kile, lakini programu anayoitumia inaipinda ritifaa bila yeye kuambiwa. Wa tatu anatumia alama iliyoinama ambayo hukaa kwenye kitufe cha pembe ya juu kushoto, kwa kuwa machoni pake inafanana na ritifaa. Wa nne, aliyechoka kuitafuta alama hiyo, anaiacha kabisa na kuandika "Mangula". Binadamu akiisoma orodha hiyo ataona mahali pamoja, ila kompyuta itaona mahali panne. Ikiulizwa ni wagonjwa wangapi wametoka Mang'ula, itawahesabu wale wa karani mmoja tu na kuwaacha wengine.

Katika bonde la Kilombero jambo hili si dogo. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha Ifakara maabara ya utafiti wa magonjwa, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwezi wa Septemba 1996 ilianza kazi ya kuwahesabu watu wa vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, na tangu hapo kaya zilitembelewa tena na tena ili kuandikisha waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kazi ya namna hii, popote ifanyikapo, hutegemea majina na namba ziingizwe katika kompyuta upesi na kwa usahihi. Hali kadhalika mwanafunzi ambaye jina lake lina ritifaa anaweza kujikuta na vyeti viwili vyenye majina mawili.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kibodi ifanyavyo kazi, jinsi ya kupima kama mpangilio wake unaifaa lugha yetu, na ni mabadiliko gani yenye faida kwa mtu anayeandika Kiswahili kila siku.

1. Kitufe si herufi

Watu wengi hudhani kwamba kitufe chenye maandishi A hupeleka herufi "a" ndani ya kompyuta. Sivyo. Kitufe hupeleka namba ya mahali kilipo, basi. Mfumo endeshi wa kompyuta huipokea namba hiyo, huitafuta katika jedwali, na kutoa herufi iliyoandikwa mbele yake. Kwa hiyo herufi haimo katika kitufe. Imo katika jedwali.

Mfano utalidhihirisha jambo hili. Katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, kitufe kilicho mara tu kulia kwa kitufe cha Tab kina namba 16, na kile kilicho chini yake kina namba 30. Kwa jedwali lililozoeleka nchini mwetu, namba 16 hutoa "q" na namba 30 hutoa "a". Kwa jedwali la Ufaransa, namba 16 hutoa "a" na namba 30 hutoa "q". Vitufe ni vile vile na waya ni ule ule. Kilichobadilika ni jedwali peke yake.

Basi, kupanga upya vitufe si kufungua mashine kwa bisibisi, bali ni kusahihisha jedwali. Kazi hiyo haigharimu fedha, na inaweza kutenguliwa wakati wowote.

2. Asili ya mpangilio tuliorithi

Mpangilio unaoanza kwa herufi Q, W, E, R, T, Y ulitokana na mashine ya kupiga chapa iliyobuniwa huko Milwaukee, Marekani, na Christopher Latham Sholes na wenzake, waliopata hataza mwaka 1868. Kampuni ya Remington ilianza kuitengeneza mwaka 1873. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu sababu za kila herufi kuwekwa mahali ilipowekwa; lakini neno moja halina ubishi, nalo ni kwamba Kiswahili hakikuwamo katika fikira za wabunifu hao.

Wengine wamejaribu kuurekebisha mpangilio huo. Mwaka 1936 August Dvorak na William Dealey walipewa hataza ya mpangilio uliojengwa juu ya hesabu za herufi za Kiingereza. Mwaka 2006 Shai Coleman alitoa mpangilio uitwao Colemak. Huu haukugusa vitufe Z, X, C na V, kwa sababu watu wamekwisha kuvizoea pamoja na kitufe cha Ctrl katika kutengua, kukata, kunakili na kubandika. Hapo pana funzo: mrekebishaji mwenye busara hukiacha mahali pake kila kisichokuwa na sababu ya kuondoka.

3. Kupima kabla ya kubadili

Sayansi haianzi kwa kubadili, huanza kwa kupima. Tuchukue sentensi hii:

Wakulima wa Mang'ula huvuna mpunga baada ya mvua za masika.

Tukiiweka ritifaa kando, sentensi hii ina herufi 48. Herufi "a" hutokea mara 15, "u" mara 6, "m" mara 5, na "n" mara 3. Herufi w, k, l, i, g na v hutokea mara 2 kila moja. Nazo h, p, b, d, y, z na s mara moja moja. Herufi "q" na "x" hazimo, na hazimo katika neno lolote la Kiswahili sanifu. Herufi "c" nayo haiji peke yake, bali hufuatana na "h" kufanya "ch".

Sentensi moja haitoshi kuwa ushahidi. Katika maandishi marefu sehemu ya "a" hupungua hata kufikia karibu herufi moja katika kila tano, lakini bado "a" huwa mbele ya herufi nyingine zote. Sababu yake imo katika muundo wa lugha: silabi zetu nyingi huishia kwa vokali, vitenzi vingi huishia kwa "a", na viambishi kama wa-, ya-, -na- na -ka- hurudiwa kila mahali.

Sasa tuangalie ni kidole gani hufanya kazi gani. Mpiga chapa aliyefundishwa huweka vidole vinane juu ya safu ya kati, yaani vinne vya kushoto juu ya A, S, D na F, na vinne vya kulia juu ya J, K, L na kitufe cha nukta-mkato. Kila kidole hupewa vitufe vyake. Herufi 48 za sentensi yetu hugawanyika hivi:

Mkono wa kushoto
Kidole kidogo: 16
Kidole cha pete: 3
Kidole cha kati: 1
Kidole cha shahada: 5

Mkono wa kulia
Kidole cha shahada: 16
Kidole cha kati: 4
Kidole cha pete: 2
Kidole kidogo: 1

Vidole viwili tu hubeba herufi 32, yaani thuluthi mbili ya kazi yote, na vidole sita vilivyobaki hugawana herufi 16. Kidole kidogo cha kushoto, ambacho ni miongoni mwa vidole dhaifu kuliko vyote, kimetwishwa mzigo sawa na kidole cha shahada cha kulia. Wakati huo huo kidole cha kati cha kushoto, chenye nguvu, kimepata herufi moja. Laiti kazi ya shamba ingegawanywa hivyo, wanakijiji wangelalamika.

4. Je, mpangilio wa kigeni ulio bora utatufaa?

Yumkini msomaji atauliza: kwa nini tusichukue mpangilio wa Dvorak au wa Colemak, ambao husifiwa kuwa mwepesi? Jibu hupatikana kwa kuhesabu. Mipangilio yote miwili imeiacha herufi "a" pale pale, chini ya kidole kidogo cha kushoto. Katika mpangilio wa Dvorak kidole hicho kingepata herufi 15 badala ya 16. Ni kweli kwamba herufi zinazopatikana katika safu ya kati zingeongezeka kutoka 24 hadi 29, na hiyo ni faida. Lakini mzigo wa kidole kidogo ungebaki karibu vile vile. Dawa iliyopimwa kwa ugonjwa wa Kiingereza haiponyi ugonjwa wa Kiswahili.

Badiliko dogo lingeweza kutenda zaidi. Tubadilishane mahali pa vitufe viwili tu, A na D. Kidole kidogo cha kushoto kingeshuka kutoka herufi 16 hadi 2, na kidole cha kati kingepanda kutoka 1 hadi 15. Katika maandishi marefu herufi "e" ingeongeza kazi ya kidole cha kati, kwa hiyo hesabu ifanywe upya kwa ukurasa mzima kabla ya kuamua.

Hata hivyo, hesabu ya karatasini si kasi ya mkononi. Mikono iliyozoea miaka mingi itakosea sana katika siku za mwanzo. Amri zinazotumia Ctrl pamoja na A zitahama. Na mtu atakayekalia kompyuta hiyo baadaye atadhani imeharibika. Kwa ajili hiyo, kubadilisha herufi zinazotumika sana kunamfaa mtu mwenye kompyuta yake mwenyewe na aliye tayari kujifunza upya. Kwa chumba cha kompyuta cha shule, ambamo wanafunzi hupokezana, hakufai kuwa jambo la kwanza kufanywa. Yapo mawili mengine yenye gharama ndogo na faida kubwa.

5. Badiliko la kwanza: ritifaa mahali pa Q

Katika Kiswahili ritifaa si pambo. Ni sehemu ya herufi ng', na hutenganisha maana: "ng'oa" ni kutoa kitu kilichokita mizizi, na "ngoa" ni tamaa au wivu. Lakini katika kibodi iliyozoeleka alama hii imewekwa pembeni kabisa kulia, na kibodi ya Marekani na ile ya Uingereza hutofautiana kwa alama inayoandamana nayo katika kitufe hicho. Kwa upande mwingine kitufe cha Q, kilicho karibu, kinakaa bila kazi tunapoandika Kiswahili.

Jawabu ni kuandika katika jedwali kwamba kitufe cha Q kitoe ritifaa, na kwamba kikibonyezwa pamoja na kitufe cha AltGr, kilicho kulia kwa kitufe kirefu cha nafasi, kitoe "q" kama kawaida. Jambo hili si geni duniani: katika mpangilio wa Dvorak mahali hapo hapo ndipo penye ritifaa. Kitufe cha X kisiguswe, maana mwalimu wa hisabati anaihitaji "x" kila siku.

Lakini kasi peke yake haitaiokoa Mang'ula. Lazima ijulikane ni alama ipi itakayotolewa na kitufe hicho, kwa kuwa kompyuta hutambua kila alama kwa namba yake. Ritifaa iliyonyooka ni namba 39. Iliyopinda, itumiwayo pia kufunga nukuu, ni namba 8217. Ile iliyoinama ya pembe ya juu kushoto ni namba 96. Ipo pia ritifaa inayohesabiwa kuwa herufi kamili, nayo ni namba 700. Kwa takwimu na orodha, namba 39 ina faida ya kupatikana katika kila kibodi. Kwa vyovyote vile, watu wote wanaofanya kazi moja sharti wakubaliane juu ya namba moja, wazime tabia ya programu ya kuipinda ritifaa, na waandike makubaliano hayo mahali panapoonekana.

Waandishi wa programu nao wana wajibu. Katika SQL, ambayo ni lugha ya kuulizia hifadhi za takwimu, ritifaa iliyonyooka hutumika kufungua na kufunga maandishi. Mwandishi asiyejihadhari atakuta programu yake inadhani jina limekoma kwenye "Mang", na silabi zilizobaki zinaning'inia bila maana. Dawa yake si kuwakataza watu wasiandike ritifaa, bali ni kuiandika programu vizuri. Na pale inapowezekana, karani apewe orodha ya vijiji achague, asilazimike kuyaandika majina upya kila mara.

6. Badiliko la pili: kusogea bila kuinua mkono

Muda mwingi wa mwandishi haupotei katika kubonyeza herufi, hupotea katika kutoka mahali pamoja kwenda pengine: kurudi neno moja nyuma, kufika mwisho wa mstari, kuingia chumba kinachofuata cha fomu. Tuchukue hesabu ya mfano. Karani anaingiza fomu 120 kwa siku. Kila fomu inamfanya ainue mkono mara 10 kwenda kwenye kipanya. Na kila safari ya kwenda na kurudi ni sekunde 2. Jumla ni 120 × 10 × 2, yaani sekunde 2,400, au dakika 40 kwa siku.

Sehemu kubwa ya dakika hizo huokolewa bila kubadili chochote, kwa kujifunza vitufe vilivyopo. Tab huenda kwenye chumba kinachofuata, na Shift pamoja na Tab hurudi nyuma. Home hupeleka kielekezi mwanzo wa mstari na End mwisho wake. Ctrl pamoja na mshale wa kulia au wa kushoto huruka neno zima kwa mara moja.

Baada ya hayo kuzoeleka, kitufe cha Caps Lock kinaweza kupewa kazi mpya. Kiko mahali pazuri, kando ya A, na kazi yake ya sasa ni nadra kuhitajika. Jedwali linaweza kuandikwa hivi: Caps Lock kikishikiliwa, I huwa mshale wa juu, K wa chini, J wa kushoto, L wa kulia, U huwa Home na O huwa End. Mkono wa kulia husogea katika maandishi yote bila kutoka mahali pake.

7. Namna ya kutekeleza

Kwa kompyuta zenye Windows, programu ya Microsoft Keyboard Layout Creator humwezesha mtu kuchora jedwali lake la herufi, na ile iitwayo PowerToys hubadilisha kazi za vitufe. Katika macOS hutumika Ukelele. Katika Linux majedwali ni mafaili ya maandishi yanayoweza kusomwa na mwanafunzi, na miongoni mwake yamo mawili yenye jina la Kiswahili, moja la Tanzania na moja la Kenya. Yanafaa kufunguliwa darasani na kuchunguzwa kabla ya kutunga jingine.

Tahadhari nne zizingatiwe. Kwanza, jedwali la zamani lisifutwe. Liwekwe jipya kando yake, na mtumiaji afundishwe kuhama kutoka moja kwenda jingine. Pili, jedwali la kawaida liachwe katika ukurasa wa kuingilia, ili nywila yenye "q" isimfungie mtu nje. Tatu, libadilishwe jambo moja kwa wakati, na lipimwe. Nne, katika kompyuta ya watu wengi, badiliko lisifanywe bila wote kujua.

Hitimisho

Kibodi ni chombo kilichotungwa na watu kwa mahitaji ya mahali pao na wakati wao. Kuichukua kama ilivyo bila kuihoji ni kukubali kwamba lugha yetu ndiyo ijikunje iingie katika mashine. Lakini kuibadili ovyo, kwa kufuata sifa za mpangilio wa mbali, nako si sayansi. Njia iliyo sawa ni kuhesabu herufi zetu wenyewe, kubadili kile kidogo ambacho hesabu imekithibitisha, na kukubaliana pamoja. Hapo jina la Mang'ula litaandikwa kama wenyeji wanavyolitamka, na kila mtu wa Mang'ula atahesabiwa.

Mazoezi

1. Chagua ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiswahili na hesabu mara ambazo kila herufi hutokea. Linganisha matokeo na yale ya sentensi iliyotolewa katika makala haya. Je, "a" bado ni ya kwanza?

2. Gawanya herufi za ukurasa huo kwa vidole vinane. Rudia hesabu baada ya kubadilishana A na D, kisha ueleze kama badiliko hilo lina manufaa.

3. Orodhesha majina kumi ya mahali au ya ukoo katika wilaya yako yenye ng'. Yaandike kwa kompyuta tatu tofauti, kisha utumie amri ya kutafuta ili uone kama kila kompyuta inayatambua majina yaliyoandikwa na nyingine.

4. Wanafunzi wawili wapige chapa kifungu kimoja kwa dakika tano, wahesabu herufi sahihi na makosa. Mmoja afanye mazoezi ya vitufe vya kusogea kwa majuma mawili, na mwingine asifanye. Wapimwe tena. Je, watu wawili wanatosha kuthibitisha jambo? Toa sababu.